SOMO LA VIJANA NA WAZAZI: MWALIMU ANAFUNDISHA, KUJIFUNZA NI KWAKO MWENYEWE

Maandiko ya kusoma nyumbani kabla ya somo: Matendo ya Mitume 8:26-40, Matendo ya Mitume 17:10-12, Danieli 1, Yohana 14:26, 2 Timotheo 4:13, Wagalatia 6:2-5.

Shabaha ya somo: Kila mwanafunzi ajue kwamba mwalimu, mzazi na Kanisa wanaweza kumsaidia, lakini hakuna hata mmoja wao anayeweza kujifunza mahali pake. Naye aanze juma hili hili kufanya sehemu yake.

UTANGULIZI



Kila mwaka, siku buletini zinapotolewa, tunasikia maneno yale yale katika mtaa wetu wa Lac Vert. Mtoto aliyefaulu anarudi mbio akisema: "Nimepita!" Mtoto aliyeshindwa anarudi polepole akisema: "Mwalimu ameniangusha." Angalieni vizuri maneno hayo mawili. Kupita ni kwa mtoto, lakini kuanguka ni kwa mwalimu.

Mzazi naye anasema: "Nilimlipia minervale, nikamnunulia makaye na biki, sasa nifanye nini tena?" Mwalimu anasema: "Mimi nilifundisha, hawakushika." Kila mmoja ananawa mikono yake kama Pilato. Na katikati yao mtoto amesimama na daftari lililojaa maandishi, na kichwa kisicho na kitu.

Hatuandiki somo hili ili kuwahukumu watoto wetu. Tunajua mwanafunzi wa Lac Vert anavyoishi. Anaamka kabla ya jua, anachukua bido na kwenda kuteka maji ziwani. Akifika darasani, wamebanana kwenye benchi moja. Jioni kuna kuni, kuna wadogo wa kulea, kuna makala ya kuuza kando ya njia. Wengine walifika hapa wakikimbia vita vya Masisi, wakalala chini ya shitingi juu ya mawe ya volkano. Haya yote tunayajua, maana ni watoto wetu.

Lakini kwa sababu mzigo ni mkubwa hivyo, hatutaki ubebwe bure. Jasho la mama aliyeuza sombe ili mtoto asome lisipotee ndani ya daftari ambalo mwenyewe halielewi. Basi tuangalie Neno la Mungu, na tuangalie maisha yetu, tuone mwanafunzi anatakiwa kufanya nini.

1. MWANAFUNZI ALIYEKUWA NJIANI

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 8, tunamwona mtu mkubwa wa Afrika, Mkushi, mtunza hazina ya malkia Kandake. Alikuwa akitoka Yerusalemu kurudi kwao, amekaa katika gari lake, na mkononi ana kitabu cha nabii Isaya. Tunajifunza kwake mambo manne.

Jambo la kwanza: alianza kusoma kabla mwalimu hajafika. Hakuna aliyemlazimisha. Hapakuwa na kengele, wala fimbo, wala interogasio ya kesho. Filipo alipokaribia, alimkuta tayari anasoma kwa sauti. Watoto wengi wa leo hawafungui daftari mpaka mwalimu aseme: "Fungueni." Na Filipo angemsaidia nini mtu aliyelala garini?

Jambo la pili: hakuficha kutoelewa kwake. Filipo alipomwuliza kama anaelewa, yule mkubwa hakusema "ndiyo" kwa kuogopa aibu. Alikiri kwamba hawezi bila mtu wa kumwongoza, akamkaribisha mtembea kwa miguu akae pamoja naye. Katika madarasa yetu mwalimu anauliza: "Mmeelewa?" na watoto wote wanaitika kwa sauti moja: "Ndiyo, mwalimu!" Huo ni uongo ambao watoto hamsini wanauimba pamoja. Wazee walisema kuuliza si ujinga. Ujinga ni kuitika jambo usilolijua.

Jambo la tatu: alikuwa na swali lake mwenyewe. Hakusema tu, "Sielewi." Aliuliza kama nabii alisema habari zake mwenyewe au za mtu mwingine. Alijua mahali hasa ambapo njia ilimpotea. Na Filipo alianzia pale pale swali lilipokuwa. Mwanafunzi anayesema "sielewi hesabu" anampa mwalimu kazi isiyo na mlango. Mwanafunzi anayesema "naelewa mpaka mstari wa tatu, wa nne ndio unanishinda" amekwisha kumfungulia mwalimu mlango.

Jambo la nne: mwalimu aliondoka, naye akaendelea na safari kwa furaha. Filipo alichukuliwa na Roho, Mkushi hakumwona tena. Lakini alichojifunza kilibaki ndani yake, akaenda nacho mpaka nchi yake. Huku ndiko kujifunza kwa kweli. Kunabaki hata mwalimu akiondoka.

Waongezeni na watu wa Beroya, katika sura ya 17. Waliofundishwa na Paulo mtume! Hata hivyo, kila siku walirudi kwenye Maandiko kuchunguza kama mambo ni hivyo. Maandiko hayawalaumu kwa kukosa heshima. Yanawasifu kuwa watu wa roho bora kuliko wengine. Kwa hiyo mtoto anayechunguza kwa adabu hamdharau mwalimu wake.

2. KUMEZA SI KUJUA

Tumezoea namna moja ya kusoma. Mwalimu anaandika ubaoni, mtoto ananakili. Usiku wa kuamkia interogasio anameza yote, asubuhi anatapika yote juu ya karatasi, na jioni hana kitu tena tumboni.

Siku moja, vijana walipokuwa wamekusanyika kwa mafunzo, tuliwauliza juu ya gazi karboniki. Kijana mmoja wa humanite alisimama na kukariri kwa Kifaransa, bila kosa, kwamba gazi hiyo ni nzito kupita hewa. Tulimpigia makofi. Kisha tukamwuliza: "Na mazuku ni kitu gani?" Akajibu: "Mazuku ni upepo mbaya unaoua mbuzi." Tukauliza tena: "Mbona unakaa mabondeni, haukai juu ya kilima?" Akanyamaza.

Msichana mdogo wa shule ya msingi akainua mkono. Akasema: "Kwa sababu ni nzito. Inateremka na kukaa chini kama maji katika beseni." Tukamwuliza nani alimfundisha. Akasema: "Nilimwuliza babu kwa nini mbuzi anakufa kwanza, mtu anafuata. Akaniambia, angalia pua ya mbuzi iko wapi."

Ndugu wapenzi, mazuku ndiyo hiyo gazi karboniki. Inatoka ardhini katika nchi yetu hii ya volkano, na pande hizi za kati ya Goma na Sake, karibu na ziwa, tunayo mahali pengi. Haina rangi ya kuonekana. Ni nzito kupita hewa kwa mara moja na nusu, ndiyo maana inajikusanya mashimoni na katika mabonde, zaidi usiku na alfajiri wakati upepo umetulia. Aliye karibu na ardhi ndiye anayeipata kwanza: mbuzi, mtoto mdogo, mtu aliyeinama au aliyelala chini. Asiende mtu kuijaribu!

Sasa fikirini. Yule kijana alikuwa na maneno yote ya kumwokoa mdogo wake. Mwalimu alikuwa amemfundisha vizuri, na pointi alikuwa amepewa. Lakini maneno yalibaki yamefungwa ndani ya daftari, upande mmoja Kifaransa cha shule, upande mwingine bonde la nyuma ya nyumba, na yeye hakujenga daraja kati yao. Daraja hilo hakuna mwalimu anayeweza kulijenga ndani ya kichwa chako. Ni kazi yako.

Hata jina la mtaa wetu ni somo. Lac Vert maana yake ziwa la kijani, na ziwa hilo ni shimo la volkano ya zamani lililojaa maji. Ni watoto wangapi wanaonakili katika daftari maana ya "ziwa la volkano," halafu wanarudi nyumbani kupitia kando yake bila kulitambua?

Mwaka 1967 Rais Julius Nyerere wa Tanzania, ambaye mwenyewe alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mtawala, alitoa maandishi yake juu ya Elimu ya Kujitegemea. Aliona hatari ya shule inayomfanya mtoto aheshimu kitabu peke yake na kudharau hekima ya wazee wasiosoma. Alitaka mtoto awe na akili ya kuuliza, aweze kujifunza kwa wengine na kuchagua linalomfaa, na awe na tumaini katika nafsi yake. Yule msichana aliyemwuliza babu yake alikuwa amekwisha kuingia katika shule hiyo bila kujua jina lake.

Kwa hiyo tunawapa vijana kipimo kimoja kisicho na gharama. Wengi wenu mlianza shule kwa Kiswahili, kisha mkavuka kwenda Kifaransa, na wengi walivuka maneno tu, maana ikabaki ng'ambo. Ukisoma jambo kwa Kifaransa, lieleze kwa Kiswahili kwa nyanya yako ambaye hakusoma. Akielewa, umelijua. Akikuuliza swali na wewe ukakasirika, bado hujalijua, rudi ukasome.

3. SHULE IKIFUNGWA, KUJIFUNZA KUSIFUNGWE

Sisi watu wa Goma tunajua mambo ambayo wengine wanayasoma tu katika magazeti. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilimwaga moto mpaka katikati ya mji na kufika ziwani, na shule nyingi zikazikwa chini ya mawe. Mwezi wa Machi 2020 ugonjwa wa korona ulifunga shule za nchi nzima. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulitoa moto tena, na tarehe 27 watu wa mitaa mingi wakaamriwa kuhama. Tuliwaona wakipita na magodoro vichwani kuelekea Sake. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi za wakimbizi hapa Lac Vert na Mugunga, na kati ya waliokufa walikuwamo watoto wengi. Mwisho wa Januari 2025 vita viliingia mjini, shule zikafungwa, na mwezi uliofuata kambi zikaondolewa na watu wakatawanyika tena.

Mtoto aliyezaliwa mwaka 2010 amekwisha kuona shule yake ikifungwa mara ngapi? Na kila mara tuliona makundi mawili. Kundi la kwanza lilisema: "Tungoje shule ifunguliwe." Miezi ikapita, na walipoingia tena darasani walikuwa wamerudi nyuma kuliko mahali walipoachia. Kundi la pili, hata kama lilikuwa dogo, lilichukua makaye ya zamani, likarudilia hesabu za mwaka uliopita, likasikiliza masomo kwenye redio, likawafundisha wadogo kusoma. Walikuwa na njaa ile ile na hofu ile ile kama wenzao.

Mtazameni Danieli. Vita vilimtoa kwao akiwa kijana. Alipelekwa Babeli, akapewa jina la kigeni, akafundishwa lugha isiyo yake na vitabu visivyo vya baba zake. Angeweza kusema: "Mimi ni mkimbizi, nisome kwa ajili ya nani?" Lakini yeye na wenzake watatu walijifunza yote kwa bidii, tena bila kumwacha Mungu wao. Neno linasema Mungu ndiye aliyewapa maarifa. Lakini aliwapa wakiwa kwenye kazi ya kujifunza, hakuwapa wakiwa wamelala.

Mtazameni na Paulo, mzee, katika kifungo, akijua kwamba mwisho wake umekaribia. Anamwandikia Timotheo amletee vitu vichache. Joho lake, kwa sababu ya baridi. Na vitabu vyake! Mtu anayengoja kufa anataka vitabu. Basi kijana mwenye miaka kumi na sita aseme nini?

Nyumba ya shule inaweza kuungua, daftari linaweza kulowa na mvua, mwalimu anaweza kuhama. Kile ulichokielewa mwenyewe, ukakitumia na kukifundisha, hukimbia pamoja nawe bila kuongeza uzito wa mzigo.

4. MAOMBI NA BIKI

Hapa tuseme jambo linalotuhusu sisi watu wa maombi. Mitihani ya Serikali inapokaribia, nyumba ya Bwana inajaa. Wanafunzi wanaleta biki zao ziombewe. Wengine wanafunga siku tatu. Hatukatai, tunawaombea, na tutaendelea kuwaombea. Mtoto anayetetemeka anahitaji kujua kwamba Mungu yuko pamoja naye.

Lakini tusimdanganye Mungu, wala tusijidanganye. Yesu aliahidi kwamba Roho Mtakatifu atawafundisha wanafunzi wake na kuwakumbusha yale aliyokuwa amewaambia. Angalieni neno hilo: kukumbusha. Wanafunzi wale walikuwa wametembea na Bwana wao, wakasikia, wakauliza, wakasahihishwa. Kulikuwa na kitu ndani yao cha kukumbushwa. Mtu ambaye hakuweka chakula ghalani anaomba ghala lifunguliwe la nini?

Biki iliyoombewa mkononi mwa mtu ambaye hakusoma inabaki biki. Na anayelipa feza apewe majibu kwa siri, au anayenunua pointi, amefanya vibaya zaidi, maana ameomba kwa Mungu na kulipa kwa shetani. Tena amejiibia mwenyewe. Diploma itasema anajua, na siku ya kazi itasema hajui. Mgonjwa atakayelala mbele ya muuguzi wa namna hiyo atalipa deni ambalo hakulikopa.

Basi omba, lakini omba mapema. Mwezi wa Septemba, siku ya kwanza ya mwaka wa shule, sema: "Bwana, nipe moyo wa kufungua daftari leo." Maombi hayo Mungu huyajibu kila jioni.

5. NJIA TANO ZA KUJIFUNZA NYUMBANI

Wengi wanataka kusoma lakini hawajui namna. Wanakaa na daftari masaa mawili, macho yanapita juu ya mistari, wanainuka wamechoka na hawajashika kitu. Hizi ni njia tano. Hazitaki umeme, wala feza, wala kitabu kipya.

Ya kwanza: Soma, funga, andika. Soma ukurasa mmoja. Funga daftari. Chukua karatasi, au kijiti na mchanga, andika yote unayokumbuka. Kisha fungua uone ulichosahau. Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walijaribu jambo hili kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Kundi moja lilisoma habari fulani, kisha likaisoma tena. Kundi lingine liliisoma, kisha likaandika linalokumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika tano, waliosoma mara mbili walikuwa mbele. Lakini baada ya juma moja walikumbuka sehemu 42 katika 100, na wale waliojipima wenyewe walikumbuka 56. Kusoma tena na tena kunakupa raha ya kudhani unajua. Kufunga daftari kunakuonyesha ukweli, na ukweli huo unauma kidogo, lakini ndio unaofundisha.

Ya pili: Rudilia kidogo kidogo. Nusu saa kila siku kwa siku sita inazidi masaa matatu ya usiku mmoja. Tangu mwaka 1885 mtaalamu wa Kijerumani, Ebbinghaus, alionyesha kwamba mtu husahau upesi sana mara tu baada ya kujifunza. Kwa hiyo somo la leo lirudilie leo jioni, halafu keshokutwa, halafu juma lijalo. Haba na haba hujaza kibaba.

Ya tatu: Andika swali lako. Mwisho wa kila somo, pembeni mwa daftari, andika swali moja ambalo hujapata jibu lake. Kesho mpelekee mwalimu, kwa heshima na wakati unaofaa. Fuata mfano wa yule Mkushi.

Ya nne: Fundisha mwingine. Mwenye darasa la sita amfundishe wa darasa la nne. Kaeni watatu au wanne, kila mmoja aeleze sehemu yake kwa Kiswahili. Lakini muwe macho: kikundi ambacho mmoja anafanya na wengine wananakili si kikundi cha masomo.

Ya tano: Tunza makosa yako. Interogasio ikirudi na pointi tatu juu ya kumi, usiichane. Wengi wanaficha karatasi hiyo kwa aibu, na kosa lile lile linawangoja kwenye mtihani. Fanya upya yale saba yaliyokushinda mpaka yakubali.

Na saa ya kusoma? Tumia mwanga wa jua, mara baada ya kula, kabla ya giza. Na ukiwa njiani na bido ya maji, kumbuka moyoni ulichosoma asubuhi. Mikono ina kazi, lakini kichwa kiko huru.

6. KILA MTU NA MZIGO WAKE

Mtu anaweza kutuuliza: "Je, mnamtupia mtoto mzigo wote?" Hapana. Katika Wagalatia 6 Paulo anasema mambo mawili ambayo yanaonekana kupingana. Anasema tuchukuliane mizigo, kisha anasema kila mtu atachukua mzigo wake mwenyewe. Yote mawili ni kweli. Uko mzigo wa kusaidiana, na uko mzigo usioweza kubebwa na mwingine.

Mshahara wa mwalimu si mzigo wa mtoto. Katiba ya mwaka 2006 ilisema shule ya msingi ya Serikali ni bure, na tangu mwezi wa Septemba 2019 Serikali ilianza kutimiza neno hilo. Watoto wengi wakaingia, tukamshukuru Mungu, lakini madarasa yakajaa kupita kiasi. Na sisi tuliokuwa shuleni miaka ya 1990 hatujasahau jinsi prime ya walimu ilivyoanza kuwaangukia wazazi. Mambo hayo ni ya wakubwa. Mtoto asiambiwe kwamba darasa lisilo na benchi ni kosa lake, wala kwamba tumbo lenye njaa ni uvivu.

Wazazi, mzigo wenu ni huu. Mpeni mtoto saa moja ya mchana iliyo yake, asitumwe. Tunasema hasa juu ya wasichana: kaka amekaa na daftari, dada yuko jikoni mpaka usiku, halafu buletini ikitoka tunasema msichana hana akili. Mama usiyejua kusoma, usiseme huwezi kusaidia. Shika daftari mkononi, mwambie mtoto: "Nieleze." Akisitasita, utajua. Na jioni, badala ya kuuliza "Umepata pointi ngapi?", uliza: "Leo umeuliza swali gani?"

Walimu, ndugu zetu, msimchapilie mtoto swali lake. Mtoto aliyechekwa mara moja hatauliza tena mpaka mwisho wa mwaka.

Na Kanisa? Tangu mapatano ya mwaka 1977 kati ya Serikali na makanisa, shule nyingi za nchi yetu zinaongozwa na makanisa. Basi hatuwezi kusema elimu ni jambo la watu wa nje. Nyumba zetu za ibada zina paa na mabenchi, na siku za katikati ya juma zinakaa tupu. Kila parokia inaweza kufungua mlango masaa mawili jioni, kijana mkubwa mmoja akasimamia, watoto wakasoma kwa utulivu.

Lakini tukiisha kufanya haya yote, bado unabaki ule mzigo mdogo ambao ni wa mwanafunzi peke yake: kufungua daftari, kufikiri, kukiri asichojua, kuuliza, kujaribu tena. Mama anaweza kukupikia chakula, lakini hawezi kukutafunia na kukumezea. Tunaomba mwaka ujao, siku ya buletini, tusikie maneno mapya: aliyepita awashukuru waliomsaidia, na aliyeanguka aseme, "Najua mahali nilipokosa, na kesho naanza pale."

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kati ya mambo manne ya yule Mkushi, ni lipi linalokosekana zaidi kwa vijana wa hapa Lac Vert? Kwa nini?

2. Taja jambo moja ulilolikariri shuleni ambalo huwezi kulieleza kwa Kiswahili. Utafanya nini ili ulielewe?

3. Shule ilipofungwa mwanzo wa mwaka 2025, wewe ulijifunza nini, na kwa nani?

4. Kuna tofauti gani kati ya kuombea mtihani na kuomba mahali pa kusoma?

5. Wazazi: katika nyumba yenu, msichana na mvulana wanapata saa sawa za kusoma?

KAZI YA JUMA HILI

Kila mwanafunzi achague somo moja tu linalomshinda. Siku sita afanye "soma, funga, andika" kwa nusu saa. Siku ya ibada alete swali moja aliloandika pembeni mwa daftari. Yule asiye na kitabu amwulize mzee mmoja wa mtaa jambo moja juu ya nchi yetu, kwa mfano mahali mazuku yalipo na jinsi watu wanavyoyaepuka, aliandike, na awafundishe wadogo zake.

SALA

Ee Mungu wetu, uliyewapa Danieli na wenzake maarifa katika nchi ya ugeni, waangalie watoto wa Lac Vert. Uwape walimu wenye subira na wazazi wenye kusikiliza. Uwape wao wenyewe macho ya kuona wasichokijua, na kinywa cha kuuliza. Ulinde shule zetu zisifungwe tena na moto wala na vita. Na zikifungwa, usiruhusu mioyo yao ifungwe. Amina.